Kampuni ya Magari Ikizama, Kodi Yetu Iifuate?

Swali: Habari ya kazi, Mwalimu. Mimi ni Mkongo, naishi Grand Rapids, Michigan, na ninafanya kazi katika kiwanda kinachotengeneza viti vya magari. Hapa kazini kuna ubishi usiokwisha. Wazee wa kiwandani wanasema mwaka 2009 serikali iliokoa General Motors na Chrysler, na isingekuwa hivyo jimbo lote lingekufa njaa. Wengine wanasema ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Mimi wakati huo nilikuwa sijafika Marekani, lakini sasa kodi inakatwa kwenye mshahara wangu kama wengine. Je, zile hela zilirudi? Na kampuni hizi zikianguka tena, ni haki kodi yangu itumike kuziinua? Halafu kuna jamaa yangu ameweka akiba yake yote ya uzeeni kwenye hisa za kampuni moja ya magari. Anasema hana wasiwasi, serikali haitakubali ife. Nimwambie nini?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hesabu, maana ndiyo yenye jibu fupi. Hela hazikurudi zote. Hazina ya Marekani ilitoa karibu dola bilioni 80 kwa sekta ya magari, ikapata tena kama bilioni 70 na nusu. Kwa hiyo pengo ni zaidi ya dola bilioni 9. Chanzo chake hasa ni GM, iliyopewa bilioni 49.5 na kuacha shimo la zaidi ya bilioni 10. Chrysler ilipewa kama bilioni 12.5, na bilioni 1.3 hivi hazikurudi. Kilichoziba sehemu ya shimo hilo ni kampuni ya kukopesha wanunuzi wa magari, GMAC, ambayo leo inaitwa Ally. Ilipewa bilioni 17.2 na ikarudisha bilioni 19.6. Ukilichukua pengo lililobaki ukaligawa kwa walipa kodi wapatao milioni 140 wa wakati ule, kila mmoja alitoka na kama dola 66.

Mzee wa kiwandani akikuambia GM ililipa deni lote na riba juu, usimwite mwongo. Alisikia tangazo. Aprili 2010 mkuu wa GM, Ed Whitacre, alitokea kwenye televisheni akisema mkopo wa serikali umelipwa wote, pamoja na riba, miaka kadhaa kabla ya muda. Ambacho hakikusemwa ni kwamba mkopo ulikuwa sehemu ndogo tu ya msaada. Sehemu kubwa ilikuwa imegeuzwa hisa, na hisa si mkopo. Na hata huo mkopo ulilipwa kutoka akaunti maalumu iliyojazwa na fedha zilezile za serikali. Mkaguzi maalumu wa mpango ule, Neil Barofsky, alilitaja jambo hilo hadharani. Serikali iliuza hisa zake za mwisho za GM Desemba 2013. Ili irudishe kila senti ilihitaji kuziuza kwa wastani wa dola 53 hivi kwa hisa moja. Zilipoingia sokoni Novemba 2010, bei ilikuwa dola 33.

Ila dola 66 hazikuambii kama lilikuwa jambo la haki. Swali hilo linahitaji ujue kingetokea nini kama serikali ingekunja mikono, na watu wengi hapo huruka hatua.

Turudi mwaka 2008. Julai pipa la mafuta lilifika dola 147, na kampuni za Detroit zilikuwa zimejijenga juu ya magari makubwa yanayokunywa mafuta. GM ilikuwa imetangaza hasara ya dola bilioni 38.7 mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaongeza bilioni 30.9. Hapo ikaja Septemba 15, benki ya Lehman Brothers ikaanguka, na mikopo ikakauka nchi nzima. Wamarekani wengi hawanunui gari jipya kwa fedha taslimu. Mkopo ukikatika, wateja nao wanakatika. Soko lililouza magari zaidi ya milioni 16 mwaka 2007 liliuza kama milioni 10.4 mwaka 2009. Hakuna kiwanda kinachoweza kupoteza theluthi ya wateja wake kwa miaka miwili kikabaki kimesimama, hata kile kinachoendeshwa vizuri. Na GM haikuwa inaendeshwa vizuri.

Novemba 2008 wakuu wa kampuni 3 walikwenda Washington kuomba dola bilioni 25: Rick Wagoner wa GM, Robert Nardelli wa Chrysler na Alan Mulally wa Ford. Kila mmoja alikwenda kwa ndege yake binafsi. Walichekwa hadi wakaaibika. Desemba walirudi kwa magari, safari hii wakitaja bilioni 34. Baraza la Wawakilishi lilipitisha msaada wa bilioni 14, Seneti ikaukwamisha siku iliyofuata. Rais Bush, Mrepublican aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja ofisini, ndiye aliyetoa bilioni 17.4 Desemba 19, akizichota kwenye mfuko uliokuwa umetengwa kwa ajili ya benki. Nakutajia hili kwa sababu huko kazini bila shaka wapo wanaosema ni Obama peke yake. Obama aliikuta kazi imeshaanza. Alichofanya yeye ni kuweka masharti makali, na masharti ndiyo yaliyoleta tofauti, kama utakavyoona.

Wakati huohuo Mitt Romney, mwanasiasa mzaliwa wa Detroit ambaye baba yake aliwahi kuongoza kampuni ya American Motors, aliandika gazetini kwamba kampuni hizi zisipewe hundi, ziende mahakama ya ufilisi. Wengi Michigan hawajamsamehe hadi leo. Mimi nadhani alikuwa na haki nusu. Kampuni zilihitaji mahakama kweli. Madeni, mikataba, mawakala wa kuuza magari wengi kupita kiasi na chapa zisizouzika, yote hayo huwezi kuyafuta kwa mazungumzo ya chai. Ila mahakama ya ufilisi inahitaji kitu kingine ambacho msimu ule hakikuwepo.

Sheria ya Marekani ina njia mbili kubwa. Sura ya 7 ni kufunga: mashine zinanadiwa, kinachopatikana wanagawana wadai, wafanyakazi wanakwenda nyumbani. Sura ya 11 ni kupumua: jaji anawazuia wadai wasivamie, kampuni inaendelea na kazi huku ikipanga upya madeni yake. Lakini kampuni iliyo ndani ya Sura ya 11 bado inatakiwa kulipa mishahara ya Ijumaa, umeme, chuma na viti vyenu. Fedha hizo hukopwa kwa benki, na benki inayokopesha wakati huo hulipwa kabla ya wadai wa zamani. Mwaka wa kawaida benki hugombania biashara hiyo, ina riba nzuri na hatari ndogo. Mwanzoni mwa 2009 hapakuwa na benki yoyote duniani yenye uwezo au moyo wa kuikopesha GM. Mkopo uliohitajika ulikuwa bilioni 33. Marekani ilitoa bilioni 30.1, Kanada ikatoa zilizosalia. Bila fedha hizo, aliyesema "waende Sura ya 11" alikuwa anawapeleka Sura ya 7 kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo kiwanda chako kinapoingia. Nyie mnapeleka viti leo, kampuni ya magari inawalipa baada ya wiki kadhaa, mwezi na nusu, wakati mwingine miwili. Maana yake siku yoyote ile kiwanda cha magari kinadaiwa na wauza vipuri mabilioni ya dola kwa mali ambayo imeshafungwa kwenye magari. Kikifa ghafla, madai hayo yanabaki karatasi. Mwenye kiwanda cha viti naye amekopa benki akitegemea malipo hayo, kwa hiyo wiki ya pili hana mshahara wa kuwalipa. Na viti havikwenda kwa GM tu; vilikwenda Ford, labda na Toyota kule Kentucky. Gari haliondoki kwenye mstari bila kiti, wala bila kipande kimoja cha plastiki kinachotengenezwa na karakana moja tu huko Ohio. Ndiyo maana Mulally alikwenda Bungeni kuwatetea washindani wake. Ford haikuhitaji zile fedha za dharura, kwa sababu mwishoni mwa 2006 ilikuwa imekopa dola bilioni 23.6 ikiweka rehani karibu kila kitu chake, hata nembo yake ya buluu. Lakini alijua GM ikianguka vibaya itawavuta wauza vipuri, na wao watamvuta yeye.

Kituo kimoja cha utafiti wa magari huko Ann Arbor kilikadiria wakati ule kwamba kampuni zote 3 zikisimama, ajira karibu milioni 3 zingepotea mwaka wa kwanza. Idadi hiyo sijawahi kuimeza nzima. Ilidhani kampuni zote 3 zitasimama kabisa na kwa pamoja, na kwamba Toyota na Honda wasingejaza pengo upesi. Ila hata ukiikata mara tatu, bado ni watu milioni, katika mwaka ambao waajiri wengine walikuwa wanapunguza watu. Posho za wasio na kazi, kodi ambazo zisingelipwa na pensheni ambazo zingeangukia mfuko wa serikali, vyote vingetoka kwa mlipa kodi huyohuyo. Kwa mazingira yale, nasema wazi, ilikuwa sawa kuingilia kati. Na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye kwa kawaida hapendi serikali kununua viwanda.

Sasa tufike kwenye haki, maana umeuliza haki, hukuuliza faida. Kampuni kubwa haiokolewi yote. Kinachookolewa ni baadhi ya watu waliofungamana nayo, wengine wanaachwa, na serikali ikishika usukani ndiyo inayochagua nani abaki.

Machi 30, 2009 Obama aliikataa mipango ya kampuni zote mbili. Wagoner akaambiwa aondoke. Chrysler iliingia mahakamani Aprili 30, GM Juni 1. Kwa watu waliozoea kesi za ufilisi za miaka mitatu, kasi iliyofuata ilikuwa ya kushangaza: Chrysler ilitoka Juni 10 ikiwa mikononi mwa Fiat ya Italia, GM ikatoka Julai 10, siku 40 tu. Wenye hisa wa zamani walifutwa. Cerberus, kampuni ya uwekezaji iliyoinunua Chrysler kutoka kwa Wajerumani mwaka 2007, iliondoka bila umiliki wake. Huo kwangu ndio mstari muhimu kuliko wote katika hadithi hii. Aliyekula faida miaka ya neema ndiye aliyepigwa kwanza.

Baada yao mambo yanakuwa na ukungu. Wenye hatifungani za GM, yaani waliokuwa wameikopesha, walikuwa wanadai kama dola bilioni 27, wakapewa asilimia 10 ya kampuni mpya na haki ya kununua nyingine baadaye. Mfuko wa matibabu wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi, UAW, ulikuwa unadai kama bilioni 20. Ukapewa asilimia 17.5 na stahili nyingine juu yake. Serikali ya Marekani ikabaki na asilimia 60.8, Kanada na jimbo lake la Ontario asilimia 11.7. Kwa Chrysler ilikuwa kali zaidi. Wadai wenye dhamana, ambao kisheria husimama mbele ya foleni, walipata senti 29 kwa kila dola, huku mfuko wa UAW, ambao haukuwa na dhamana, ukipewa asilimia 55 ya umiliki. Miongoni mwa waliokatwa walikuwamo mifuko ya pensheni ya walimu na polisi wa jimbo la Indiana. Walikwenda hadi Mahakama Kuu ya nchi kuzuia mauzo, wakakataliwa.

Utetezi wa serikali ulikuwa kwamba fedha ni zake, na anayetoa fedha ana haki ya kuchagua nani amlipe vizuri, na kwamba kiwanda bila wafanyakazi wenye moyo ni mabati tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwalimu mstaafu wa Indianapolis naye ni mlipa kodi. Alichangia uokozi, halafu mfuko wa pensheni yake ukakatwa na uokozi huohuo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Delphi. Hii ilikuwa idara ya vipuri ya GM, ikatengwa mwaka 1999 kuwa kampuni yake yenyewe, ikafilisika 2005. Mwaka 2009 mifuko yake ya pensheni ilitupwa kwa shirika la serikali la bima ya pensheni, ambalo hulipa kwa kikomo. Wafanyakazi waliokuwa kwenye UAW walijaziwa pengo na GM mpya. Wale wa ofisini, wahandisi, makarani na wasimamizi wadogo kama 20,000, hawakujaziwa. Wengine walipoteza zaidi ya nusu ya pensheni yao. Walikuwa wanafanya kazi jengo moja na wenzao, wengine meza kwa meza. Walishitaki kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikakataa kuwasikiliza. Sababu ya tofauti haikuwa uchumi. Chama kilikuwa na nguvu ya kusimamisha mitambo na wao hawakuwa nayo.

Usidhani wafanyakazi wa mstari walitoka bure, hata hivyo. Walioajiriwa baada ya hapo waliingia kwa kama dola 14 kwa saa, nusu ya aliyekuwa anafunga boliti hiyohiyo pembeni yake. Mpangilio huo wa matabaka uliishi zaidi ya muongo mmoja. Ndio uliolisha hasira ya mgomo wa UAW wa mwaka 2023. Chapa za Pontiac, Saturn na Hummer zikafutwa. Chrysler pekee ilivunja mikataba na mawakala 789, wengi wao biashara za familia katika miji midogo.

Na kuna hili la swichi za kuwashia. Mwaka 2014 ilibainika kwamba kwa miaka mingi GM ilikuwa imejua swichi za baadhi ya magari yake madogo zina kasoro ya kuzima injini barabarani, na injini ikizimika mifuko ya hewa haifunguki. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Mawakili wa GM walijaribu kusema makosa ya kabla ya Julai 2009 yalibaki kwa kampuni ya zamani, ile iliyokufa mahakamani, na kampuni mpya haina deni. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilikataa wajifiche hapo, kwa kuwa wenye magari hawakuwahi kuarifiwa kuhusu kasoro. Mlipa kodi aliponunua kampuni, alinunua na siri zake.

Tuangalie kidogo nchi nyingine, maana Marekani si darasa pekee. Uingereza ilitaifisha British Leyland mwaka 1975, kampuni iliyokusanya chapa nyingi za magari ya Kiingereza, pamoja na Land Rover unayoijua tangu Virunga hadi Serengeti. Haikupitia mahakama. Wadai hawakuumia, na viwanda vilivyopaswa kufungwa viliachwa vikaendelea kuunda Austin Allegro na Morris Marina, magari ambayo wateja walikuwa wameshayakimbia. Kila miaka michache waziri alirudi Bungeni na ombi jipya. Hata Margaret Thatcher, adui wa ruzuku, alisaini pauni milioni 990 mwaka 1981. Kilichobaki kiliuzwa kwa British Aerospace mwaka 1988, kikaenda kwa BMW, na mwaka 2000 BMW ikawaachia wafanyabiashara wanne kwa pauni 10. Ndiyo, kumi. Aprili 2005 kampuni ikafa, watu kama 6,000 wa kiwanda cha Longbridge wakarudi nyumbani, huku uchunguzi ukija kuonyesha wakubwa wake 5 walikuwa wamejilipa jumla ya pauni milioni 42 hivi katika miaka hiyo 5. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akilipwa kabla ya kugema ndiyo kabisa.

Sweden ilifanya kinyume. Saab ilikuwa mali ya GM, na mwaka 2009 waziri wa viwanda Maud Olofsson alisema serikali haiko tayari kumiliki kiwanda cha magari. Haikukaa kando kabisa, iliidhamini Saab kwa mkopo wa benki ya uwekezaji ya Ulaya, lakini haikununua. Saab ikapata mnunuzi mdogo wa Uholanzi na ikafilisika Desemba 2011, watu zaidi ya 3,000 wakapoteza kazi katika mji mdogo wa Trollhättan. Iliuma. Ila Saab ilikuwa haijapata faida ya maana kwa muda mrefu hata miaka ya neema, na hilo ndilo swali la kuuliza: dunia ikitulia, hii kampuni ina gari ambalo mtu atalinunua kwa bei inayolipa gharama? Kwa GM na malori yake jibu lilikuwa ndiyo. Kwa Saab lilikuwa hapana.

Wafaransa nao ni wajanja. Mwaka 2009 waliwakopesha Renault na Peugeot yuro bilioni 3 kila mmoja, kwa riba ya asilimia 6, wakarudishiwa zote kufikia 2011. Peugeot ilipoyumba tena, mwaka 2014 serikali iliingia na yuro milioni 800, lakini Dongfeng ya China nayo ikaweka kiasi hichohicho, na familia ya Peugeot ikapoteza udhibiti iliokuwa nao kwa vizazi. Mwaka 2017 Peugeot hiyo ikawa na nguvu ya kuinunua Opel kutoka kwa GM. Kampuni iliyookolewa na kodi za Wafaransa ilinunua tawi la kampuni iliyookolewa na kodi za Wamarekani. Mwaka huohuo GM iliuza pia asilimia 57.7 ya kiwanda chake cha Nairobi kwa Isuzu, ikaondoka Afrika Mashariki. Iliyookolewa haikubaki na deni la shukrani kwa mtu. Kiwanda chake cha Lordstown, Ohio, kilichokuwa moja ya picha za ushindi wa 2009, kilifungwa Machi 2019.

Kwa hiyo zikianguka tena, kodi yako itumike? Kwa mazoea, hapana. Kampuni ya magari inayodhoofika wakati benki zipo wazi na washindani wake wanauza, iachwe iende mahakamani na kukopa kwa benki kama kampuni nyingine yoyote. Ndege za Marekani zimefilisika na kuruka tena mara nyingi bila hundi ya serikali ya kuzinunua. Kampuni inayojua itaokolewa hubweteka, na tuna ushahidi mapema kuliko 2009: Chrysler hiihii iliokolewa kwa dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 iliyosainiwa na Rais Carter Januari 1980. Mkuu wake wa wakati ule, Lee Iacocca, aliirudisha mikopo mwaka 1983, miaka 7 kabla ya wakati, na serikali ikapata faida ya dola milioni 311. Ulikuwa uokozi safi kwa kila kipimo, na bado miaka 29 baadaye walikuwa mlango uleule wakibisha hodi.

Ningekubali kodi yako iguswe pale tu soko lote la mikopo limekufa, siyo kampuni moja kukosa sifa ya kukopeshwa. Na hata hapo ningetaka kwanza wenye hisa wafutwe na wakuu waondoke, mahakama ya wazi isimamie badala ya chumba cha waziri, na tarehe ya serikali kutoka iandikwe kabla ya hundi. Kwa waliofanana na wale wa Delphi ningeongeza sharti moja ambalo mwaka 2009 halikuwepo: kama fedha za umma zinajaza pensheni, zijaze za wote kwa uwiano mmoja, mwenye chama na asiye na chama. Mbunge wako akija kuomba kura wakati wa msukosuko mwingine, muulize hilo la mwisho. Mengine atakuwa ameandikiwa majibu.

Bado nina mashaka na kitu kimoja. Ushindani wa sasa wa magari ya umeme ya China unaweza kuziumiza kampuni za Detroit polepole, bila siku moja ya kishindo kama ya Lehman. Kwa msukosuko wa namna hiyo kipimo changu kinasema waachwe. Najua Michigan nzima itasema vinginevyo, na huenda kiwanda chenu kitakuwa cha kwanza kuumia. Hapo ningependelea fedha zimfuate mfanyakazi moja kwa moja, posho ndefu na mafunzo yanayolipiwa, kuliko zipitie mfukoni mwa kampuni kwanza.

Kuhusu jamaa yako, mwambie haraka. Anachanganya kampuni na hisa zake. Serikali haikuiacha GM ife mwaka 2009, na mwenye hisa za GM hakupata kitu. Hisa zake zilibaki kwenye gofu lililopewa jina la Motors Liquidation Company, kampuni ya kufungia mahesabu, na kampuni mpya yenye viwanda, nembo na jina haikumpa hata hisa moja. Baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa GM wenyewe. Walipoteza akiba katika mwaka uleule waliopunguzwa kazi, kwa sababu vyote viwili vilikaa kwenye kapu moja. Kama akiba yake ni ile ya kazini, 401(k), aende ofisi ya utumishi aulize ni mifuko gani mingine inaruhusiwa, na jinsi ya kuhamisha sehemu kubwa kwenda mfuko unaoshika hisa za kampuni nyingi kwa pamoja. Uhamisho wa ndani ya mpango kwa kawaida haukatwi kodi, lakini kutoa fedha nje kabla ya umri kunakatwa kodi na faini juu yake. Asitoe, ahamishe.